Makaro ya Vahwere

Vahwere alikuwa mtu mpole katika mambo yote, isipokuwa jambo la ukuta. Ungeweza kuazima sufuria yake ukairudisha imetoboka, naye angeipokea na kukuuliza habari za watoto. Lakini ukiingia jikoni kwake, pale mtaa wa Ngezi, Bunia, ukaegemea ukuta wa nyuma ya mbabula, yaani jiko la makaa, alifunga macho kwanza, akavuta pumzi, ndipo akasema, "Tafazali, toka pale."

Ugonjwa huo aliupata Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu. Baba yake alikuwa ametoka upande wa Butembo kwenda kufanya kazi ya karakana huko, na binti alipofikisha miaka kumi na saba, mwaka 1967, aliingia kazini katika nyumba ya injinia mmoja Mbelgiji. Nyuma ya jiko la chuma la nyumba ile palikuwa na makaro, yaani vigae, meupe ya porselene, kutoka mezani hadi usawa wa kichwa cha mtu. Madame, yaani mke wa injinia, alimkabidhi Vahwere ukuta ule kabla hata ya kumwonyesha mahali pa kuweka viatu vyake. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Mchanga, hapana. Majivu, hapana. Limau, hapana kabisa, kwa sababu inakula simenti iliyo kati ya karo na karo. Mafuta yakiruka, yapanguswe yangali moto. Miaka saba Vahwere alipangusa ukuta ule, na katika miaka saba hiyo haukubadilika rangi hata kidogo.

Mwaka mmoja bomba la maji lilipasuka ndani ya ukuta, ikabidi kipande kibomolewe. Alikuja mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa Vahwere alikuwa anamsogezea maji, alimwonyesha kazi yake. Alimwaga tone la maji kwenye mgongo wa karo moja ya kawaida. Tone likazama. "Hii ni fayanse. Inakunywa." Akamwaga jingine kwenye mgongo wa karo ya Madame. Tone likakaa pale pale, jeupe, kama jicho. "Hii ni porselene. Haikunywake. Kama unaiweka kama fayanse, itakuangukia." Vahwere aliyashika maneno yale pamoja na mambo mengine mengi ya ujanani ambayo hakuona kazi yake.

Wazungu wa nyumba ile waliondoka mwaka 1974. Vahwere akateremka Bunia, akaolewa na Katsuva, mfanyabiashara wa chumvi, sabuni na vitenge. Nyumba ya Ngezi ilikuwa ya matofali ya udongo yasiyochomwa, yamepakwa udongo, na juu ya udongo chokaa. Ndani ya jiko kulikuwa na meza ya simenti ya kuwekea mbabula mbili. Ukuta wa nyuma yake ulikunywa kila kitu: moshi wa makala ya mbabula, mafuta ya mawese, mvuke wa sombe ya majani ya mihogo, maji ya maharagwe. Mbele ya Noeli aliupaka chokaa, mbele ya Pasaka akaupaka tena. Baada ya wiki mbili ulikuwa na madoa mekundu kama mtu mwenye ukurutu. Ukiugusa, ulikupaka. Usipougusa, ulibambuka wenyewe ukaanguka ndani ya chakula.

"Papa Adeline," alimwambia bwana yake mwaka wa kwanza, "hapa panaomba makaro." Wakati huo Adeline, binti yao wa kwanza, alikuwa bado mgongoni.

"Tutaona," Katsuva alijibu.

Katsuva hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakupiga mtu, na siku ya Jumapili alikuwa wa kwanza kuvaa. Lakini alikuwa na neno hilo moja, na alilisema kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayefunga mlango polepole ili asiamshe watoto. Vahwere alilisikia miaka kumi. Ilifika wakati akiona tu midomo ya Katsuva inajikunja kwa ajili ya ile "tu", anainuka na kwenda nje kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Halafu, mwaka 1985, Katsuva alirudi kutoka Mahagi juu ya gari la mizigo, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akicheka peke yake. Alishusha masanduku manne mazito na kuyapanga katikati ya uwanja.

"Mama Adeline! Kuya uone. Njo makaro ile ulikuwa unalilia."

Vahwere alikuja mbio. Alifungua sanduku la kwanza. Akatoa karo moja, akaigeuza, akapitisha kidole juu yake. Ilikuwa ya kahawia, nene kama kitabu cha misa, na uso wake ulikuwa na vipele na vitundu kama ngozi ya chura.

"Hii ni ya chini," alisema.

"Ya chini namna gani?"

"Ya kukanyaga na miguu, Papa Adeline! Walitia hii matundu juu batu basiteleze. Sasa mu ukuta, nani atateleza? Panya? Mafuta itaingia mu kila tundu, na itakaa mule mupaka Yesu atarudia."

"Lakini ni makaro," alisema Katsuva, na kweli hakuelewa. "Ulisema makaro."

Vahwere alikaa chini juu ya sanduku. Mtu amengoja miaka kumi, halafu anapewa kitu kinachoitwa kwa jina lile lile alilolitaka, na bado sicho, naye anayempa anangoja shukrani. Hakuweza kulia wala kucheka. "Aksanti," alisema hatimaye. "Tutaiweka mu veranda." Kisha akaongeza, "Na ya jikoni, nitaenda kuchagua mimi."

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili mjini, kwenye depo ya Eugène, aliyekuwa anauza vitu vya kujengea. Eugène alikuwa kijana mwenye saa kubwa mkononi, na alikuwa na tabia moja iliyomchoma Vahwere tangu salamu: kila alichoulizwa na Vahwere, alimjibu Katsuva.

"Uko na makaro ya ukuta?" Vahwere aliuliza.

"Patron, iko ya kila namna," Eugène alimwambia Katsuva. "Hii ya majogoo njo batu wote wanapenda sasa."

Ilikuwa karo nyeupe yenye jogoo wa kijani anayewika, na nyuma yake jua. Katsuva alimpenda jogoo yule papo hapo. "Ona vile iko muzuri," alisema.

"Papa Adeline, nani atakaa anaangalia ile majogoo kila siku?"

"Siye wote."

"Weye unaingia jikoni mara ngapi kwa mwaka?"

Katsuva alitazama dari ya depo. Vahwere akamgeukia Eugène na kumwomba maji.

"Mama anasikia kiu?" Eugène alimwuliza Katsuva.

"Mama iko hapa, anasikia na masikio yake," alisema Vahwere. "Nipe maji mu kikombe."

Maji yalipokuja, Vahwere alimlaza jogoo kifudifudi na kumdondoshea tone mgongoni. Tone lilizama kabla hajainua kidole. "Fayanse," alisema. "Iko muzuri kwa bafu. Kwangu mbabula inakaa karibu, moto ya makala itaipasua nyufa kidogo-kidogo kama nywele, na mafuta itapita mule." Akadondosha kwenye ya pili, ya maua, ikanywa. Ya tatu ikanywa. Eugène alianza kusema kwamba vitu vya biashara havimwagiwi maji, lakini Vahwere alikuwa amekwisha kuingia nyuma kabisa, kwenye masanduku yenye vumbi. Huko alipata karo laini, rangi ya maziwa yaliyoanza kutulia, bila ua, bila jogoo, bila kitu. Tone lilikaa juu ya mgongo wake likitetemeka.

Hakuishia hapo. Alizibandika karo mbili uso kwa uso na kuzitazama kwenye mwanga wa mlango kuona kama zimejikunja. Alisoma namba zilizopigwa ubavuni mwa kila sanduku, akakataa sanduku moja kwa sababu namba yake ilikuwa nyingine.

"Mama, ni rangi ileile!" Eugène alilalamika, na safari hii alisahau kumwangalia Katsuva.

"Kamata moja ya hapa na moja ya kule, tutoke nayo kwenye jua."

Walitoka. Kwenye jua, moja ilikuwa ya maziwa na nyingine ilikuwa ya maziwa yaliyotiwa chai. Eugène alizitazama, akazirudisha ndani, akaleta sanduku jingine lenye namba inayofanana.

Kwa hiyo makaro mazuri yalifika Ngezi, sitini na nne, bila hata moja kukatika pembe. Na hapo ndipo alipoingia fundi Xavier.

Xavier alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na kuta zake zilisimama wima, hilo hakuna aliyelikana. Aliwahi kuweka makaro kwa masista, katika bafu yao, na alilitaja jambo hilo katika kila maneno matatu. Alifika Jumatatu asubuhi, akajaza pipa maji, na akaanza kuyatumbukiza makaro ya Vahwere ndani yake kama mtu anayelowesha mihogo.

"Fundi, hapana," Vahwere alisema. "Hii haiombe kulowa. Haikunywake maji, itabakia na maji juu tu, na itateleza."

"Mama," alisema Xavier kwa upole wa mtu anayesema na mgonjwa, "makaro inalowa kwanza. Kwa masista ililowa siku nzima."

"Ile ya masista ilikuwa fayanse."

"Makaro ni makaro, Mama."

"Na ukuta? Utaweka juu ya udongo vile? Bandua udongo kwanza, piga waya ya kuku na misumari, weka simenti, ikauke, ndipo uweke makaro."

Xavier alimtazama Katsuva. Katsuva alikuwa amesimama mlangoni, anachelewa dukani. "Mama Adeline," alisema, "acha fundi afanye kazi yake."

Vahwere aliacha. Alitoka akaenda kukaa kwa jirani yake Bernadette, akamenya maharagwe ambayo hayakuwa yake, na kila aliposikia mwiko wa Xavier unakwangua ndoo, alitupa ganda upande usiofaa.

Jioni ukuta ulikuwa mzuri, lazima kusema ukweli. Majirani walikuja kuona. Katsuva alisimama pembeni kama bwana harusi. Xavier aliondoka akipiga mluzi.

Siku ya tatu, saa ya kupika, Vahwere aliinama kuongeza mawese kwenye sombe, akasikia kitu kama mtu anayebusu. Aliinua kichwa. Karo moja ya mstari wa pili ilijiachia polepole, ikasimama kidogo kama inayofikiri, kisha ikatumbukia ndani ya sufuria. Sombe iliruka mpaka kwenye bati. Adeline, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, alipiga kelele. Vahwere hakupiga kelele. Alichukua kijiko kikubwa, akaivua karo ile, akaipangusa, akaiweka juu ya meza, uso juu.

Siku iliyofuata zilianguka mbili. Iliyofuata, tano. Ilifika mahali familia inakula huku kila mtu amesimamisha masikio, na kila kitu kilipolia jikoni, Katsuva alishtuka kabla ya wote. Vahwere aliokota kila iliyoanguka, akaipangusa, akaipanga mezani. Siku ya saba Katsuva aliweka kijiko chini.

"Basi sema," alisema. "Sema tu, niishe kusikia."

"Mi sina neno," Vahwere alijibu. "Nilisemaka Jumatatu."

Asubuhi alichukua kisu na kuyabandua yaliyobaki mwenyewe, moja moja, kwa mkono wa kushoto akiyapokea kama mayai. Tisa yalikuwa yamevunjika. Hamsini na tano yalikuwa mazima. Kisha akamwita Xavier.

Xavier alikuja na maelezo: udongo wa Ngezi ni mbaya, mvuke ni mwingi, labda mtu alipiga ukuta kwa nyuma. Vahwere alimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamwekea mbele karo moja kifudifudi na kikombe cha maji. "Mwaga," alisema.

Xavier alimwaga tone. Likakaa. Alingoja. Alisogeza uso karibu, akalisukuma tone kwa ncha ya kidole, likakimbia kama zebaki bila kuacha alama. Vahwere, ambaye alikuwa ametayarisha maneno ya wiki nzima, alimwona amekuwa mdogo ghafla ndani ya koti lake la kazi. Akayaacha.

"Haikunywake," Xavier alisema taratibu. "Sijaonaka hii."

"Hata mi ningekuwa sijaona, kama hawangenionyesha."

"Unionyeshe, Mama."

Walianza upya. Vahwere alileta kiti chake akakiweka katikati ya jiko, na kwa siku zote hizo alipika kwa Bernadette. Xavier alibandua udongo mpaka tofali likaonekana. Alipiga waya wa kuku kwa misumari mirefu, akapaka simenti, akaikwaruza ingali mbichi ili ishike. Walingoja siku nane ikauke, na Katsuva, aliyezoea kula saa sita kamili, alijifunza kula wakati chakula kilipopatikana. Kisha Xavier alikoroga simenti tupu kama uji mzito, akaupaka mgongo wa kila karo kwa brashi, na kuibandika ikiwa kavu, akiisukuma kwa kiganja. Mara tatu Vahwere alimwambia airudie. Mara mbili aliirudia. Mara ya tatu alichukua nivo, yaani pimamaji, akaiweka, akamwonyesha kwamba karo imekaa sawa, na Vahwere akakubali.

Yale tisa hayakupatikana. Eugène alikuwa na ya chai tu. Katsuva alisema weka ya chai, nani ataona? Vahwere akasema yeye ataona, kila siku, mpaka afe. Waliacha mstari wa juu bila makaro, kwa kuwa mafuta hayaruki hadi kule, na kulibaki makaro machache ya kufichwa chini ya kitanda kwa ajili ya siku ya balaa. Katsuva alisema ukuta umebaki kama suruali fupi. Aliendelea kulisema hilo kwa miaka miwili.

Lakini makaro yalishika. Mwezi ulipita, na mwingine. Vahwere alipika, akapangusa ukuta ungali na joto, na ukamrudishia mwanga wa dirisha. Miezi hiyo alikuwa na furaha, ingawa mtu wa nje asingejua, kwa sababu alionekana tu mtu anayepangusa.

Halafu mama ya Katsuva alikuja kutoka Butembo kukaa nao.

Alikuwa mama mzee mwenye nguvu, asiyejua kukaa bure. Jumapili moja alisema miguu inamuuma, akabaki nyumbani wengine walipokwenda misa. Waliporudi, jiko lilikuwa linanuka limau. Ukuta ulikuwa umelowa. Chini yake palikuwa na bakuli la majivu, bakuli la mchanga wa mtoni, na gunzi la mahindi lililochakaa.

"Mukamwana," mama mkwe alisema kwa furaha, "nimekusaidia. Kulikuwa na uchafu mu ile mistari. Nimesugua yote."

Vahwere alitazama. Upande wa kushoto, mahali ambapo mzee alikuwa na nguvu zaidi, mng'ao ulikuwa umepotea kama jicho lenye mtoto wa jicho. Katika mistari, simenti ilikuwa inatoka kwa unga. Lakini kuna mtu ambaye mke hawezi kumwambia yale aliyomwambia Katsuva, Eugène na Xavier, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, mikono imepauka kwa majivu, anangoja kusifiwa.

"Aksanti, Mama," alisema Vahwere. "Umechoka. Kaa."

Alichukua ndoo akatoka nje, na huko nyuma ya nyumba aliitukana ndoo ile. Aliiambia kwamba haina macho, kwamba haiulizi, kwamba katika nyumba hii hakuna anayeuliza kitu mpaka kiharibike. Katsuva alimsikia kupitia dirishani. Alibadilisha viatu, akaenda kumtafuta Xavier, Jumapili ile ile, ili aje atie simenti upya kwenye mistari. Ilikuwa mara ya kwanza Katsuva kufanya jambo la ukuta bila kusema "tutaona."

Kesho yake Vahwere alimketisha mama mkwe wake mbele ya makaro. Alimpa kitambaa cha kitenge kilichochakaa, akampa maji ya vuguvugu, akamwonyesha. Hakusema "usifanye." Alisema, "Mi nina kazi mingi, Mama. Kama ungenisaidia na hii, na hivi." Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili, akataka kujua kwa nini maji ya vuguvugu na si ya baridi. Alisema ukuta unaoogeshwa kwa maji ya moto umelelewa vizuri kuliko watoto wa siku hizi. Kisha akaanza kupangusa.

Alipangusa mwaka mzima, na mwaka uliofuata. Alikuwa hodari kuliko Vahwere mwenyewe. Aliyajua makaro kwa mahali pake, na alijua ipi imepata doa na nani ameitia. Wageni waliokuja kugusa ukuta aliwapiga mkono. Xavier naye, aliyekuwa sasa anaitwa mpaka mtaa wa Mbunya kuweka makaro, alikuwa akija na watu wake kuwaonyesha kazi, na mzee aliwasimamisha mlangoni.

Siku moja ya mwaka 1988 Vahwere alirudi kutoka sokoni na samaki wa Kasenyi, kule ziwani, wabichi, wanene. Aliweka sufuria juu ya mbabula, akamimina mafuta, akangoja yachemke. Mama mkwe aliingia, akaona samaki, akaona mafuta, akaona ukuta.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, Mama?"

"Hapana kaanga hapa. Samaki inarushaka sana. Nimetoka kupangusa sasa hivi."

"Mama, hii ni jiko. Ni hapa tunakaangaka."

"Nje kuko nafasi."

Vahwere alimtazama Katsuva, aliyekuwa amepita kuchukua maji ya kunywa. Katsuva alitazama ukuta, akatazama mama yake, akainua mabega, akatoka na kikombe chake. Basi Vahwere aliinua mbabula kwa vitambaa viwili, makala yakiwa mekundu, akaipeleka nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye upepo na kukaanga samaki huku moshi unamfuata usoni kila alikogeukia. Mafuta yaliruka yakamdondokea kwenye kitenge kipya. Alimwita Adeline alete chumvi, na Adeline akajibu kutoka ndani kwamba bibi amemkataza kupita jikoni, sakafu bado haijakauka.